Vipimo vya Namba Tisa

Kwa waliokosa gazeti la wiki jana, habari ni fupi na ni ya aibu. Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka miwili na ushei nimewashonea Frimasoni aproni zao na makoti yao meusi, kwa siri, huku cherehani ile ile ikishona majoho ya kwaya ya kanisa letu. Anayeongoza kwaya hiyo ni mke wangu. Hakujua kitu.

Vifurushi vyote nilivifunga kwa karatasi ya kaki ya aina moja. Cha kanisa nilikifunga kwa uzi mweupe, cha wale wengine kwa uzi wa buluu. Jumamosi moja uzi mweupe ukaniishia. Duka la nyuzi liko hatua mia kutoka kwangu, lakini nikaona uvivu. Nikavifunga vyote kwa buluu, cha kanisa nikakipiga mafundo mawili, nikajiambia nitakumbuka.

Asubuhi yake nilikuwa naoga. Mke wangu akachukua kifurushi, akaenda kukifungua mbele ya kwaya nzima akidhani ni joho jipya la Mchungaji. Ikatoka aproni nyeupe yenye ukingo wa buluu, na alama ya bikari na skwea katikati. Dada mmoja wa sauti ya kwanza akaanguka chini, akapepewa na kitabu cha nyimbo.

Mke wangu hakupiga kelele. Alirudi nyumbani, akaniuliza swali moja tu.

"Ulianza lini kuwashonea? Kabla mtoto hajafa, au baada?"

Mwanetu alikufa akiwa na miezi minne, kwa homa, miaka mitatu iliyopita. Na huku mtaani, mtu akitajwa Frimasoni, watu hawaulizi tena. Wanajua amemtoa nani kafara.

Nilikuwa na jibu. Jibu lilikuwa neno moja: baada. Sikulisema, kwa sababu Mzee Miwani, yule aliyekuwa akiniletea kazi zao, aliniapisha dukani kwangu mkono ukiwa juu ya kitabu. Sitamwambia mtu aliye hai, hata mke wangu, nani wala nini wala lini. Nilikuwa nimeapa. Nikasimama pale kama kisiki, mdomo umefungwa, na mke wangu akaupokea ukimya ule kuwa ndiyo jibu. Akafungasha nguo zake, akaenda kwa baba yake.

Mmeniandikia barua nyingi kunitukana. Nimezisoma zote. Mama mmoja ameniita gogo, na sina la kumbishia.

Lakini kuna jambo nimelificha hata kwenu ninyi wasomaji, wiki zote hizi. Leo nalisema, maana bila hilo hamtaelewa kilichotokea Jumapili.

*

Sikuwahi kuona sura zao. Mzee Miwani aliniletea vipimo kwenye karatasi, bila majina. Namba moja, namba mbili, mpaka kumi na moja. Yeye ndiye aliyewapima, na alipima vibaya, kama mtu aliyejifunza kazi kwa kuangalia dirishani.

Koti la namba tisa lilirudi. Karatasi ndogo imebandikwa kwa pini: linavuta kushoto.

Nikalitundika, nikalitazama. Koti halina mdomo, lakini kwa fundi linasema sana. Mikunjo ilikuwa inaelekea bega la kushoto. Mwenyewe ana bega lililoshuka upana wa kidole, na mkono wa kushoto unauzidi wa kulia inchi nzima. Katika maisha yangu yote ya kupima watu nimekutana na mwili wa namna hiyo mmoja tu.

Mgawa barua wa zamani. Miaka thelathini na moja mfuko wa posta bega la kushoto, mvua na jua, mpaka mwili ukakubali mzigo ukapinda nao.

Baba mkwe wangu. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Ndiye aliyebandika mlangoni ile karatasi ya kuwaonya waumini kuhusu vyama vya giza. Ndiye anayeomba kila Ijumaa mpaka mishipa ya shingo inamsimama, akiwataja hao Frimasoni kwa majina yote mabaya aliyonayo.

Nilirekebisha koti. Nikashusha bega, nikaongeza mkono, nikasahihisha na vipimo vyake daftarini mwangu. Koti halikurudi tena, na mimi sikusema neno kwa mtu. Lakini tangu siku ile, kila tulipokutana, yeye alinitazama sekunde moja zaidi kuliko zamani. Alijua kwamba najua.

Sasa endeleeni na mimi.

*

Jumapili niliitwa mbele ya baraza baada ya ibada ya pili. Kwamba niliapa dukani kwa mtu nisiyemjua jina, hilo tu nilikuwa nimemwambia Mchungaji. Nilifika mapema, na daftari langu la vipimo kwapani, na futi ya kupimia shingoni. Futi hiyo siivui, hata msibani huwa naikuta imekaa shingoni.

Nilileta daftari kwa sababu moja. Kuna tarehe. Niliona kwamba kiapo kinanizuia kusema, lakini hakijasema lolote kuhusu kufungua daftari na kulisukuma mezani. Ndiyo, najua. Ujanja wa mtu aliyechelewa.

Baba mkwe alikuwa nje, mbele ya mlango wa ofisi, ananisubiri.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umelala?"

"Sijalala wiki mbili."

"Inaonekana." Akatazama nyuma, akatazama mbele, akanisogelea. "Sikiliza. Watakuuliza majina. Wewe majina huna."

"Sina. Nina namba."

"Namba hazina sura. Basi. Omba msamaha, lia kidogo kama machozi yapo. Mchungaji ana moyo laini. Watakuweka nje ya meza ya Bwana miezi michache, utarudi."

"Na mke wangu?"

"Binti yangu nitamrudisha mwenyewe. Nitamshika mkono nimlete mpaka mlangoni kwako. Wiki haitaisha."

"Kweli, Baba?"

"Mimi na wewe tunajuana, mkwe."

Akaniwekea mkono begani. Ule wa kushoto. Nilitaka kuutoa, lakini nilimtaka mke wangu kuliko nilivyotaka kuutoa. Nikaitikia.

*

Ofisi ya kanisa ni chumba cha meza moja, viti saba vya plastiki, na kabati la majoho niliyoshona mimi. Walikuwepo Mchungaji, Katibu ambaye ni mwalimu mstaafu, mzee mmoja seremala mwenye tumbo la kuheshimika, na Baba mkwe kwenye kiti cha mwenyekiti. Mke wangu alikaa pembeni, kando ya kabati. Alikuwa amekonda. Hakunitazama.

Baba mkwe akaomba. Aliomba dakika kumi. Alimwomba Mungu afichue yote yaliyofichwa gizani. Nilifumbua jicho moja nimtazame. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa.

Kisha Seremala akaanza bila kuzunguka. "Fundi, tunataka kujua. Ni kweli wanakunywa damu?"

"Sijui, Mzee. Mimi nilipewa vitambaa."

"Ni kweli kuna jeneza?"

"Sijawahi kuingia jumba lao."

"Na nyoka?"

"Mzee Seremala," Mchungaji akamkatiza, "ya nyoka tuwaachie watu wa mtaani. Mimi ugomvi wangu nao ni mmoja." Akanigeukia. Mchungaji wetu ni kijana, haongei kwa sauti kubwa. "Kama ni watu wema, na wanafanya mema kama wanavyosema, ni kitu gani hicho kizuri ambacho mtu lazima aape asimwambie mkewe?"

Nikalitazama kabati la majoho.

"Uliapa mara mbili, Fundi. Mara ya kwanza uliapa mbele yangu, hapo madhabahuni, umevaa suti uliyojishonea. Uliahidi hutamficha kitu mwanamke huyu. Mara ya pili uliapa dukani kwako, kwa mtu ambaye hata jina hakukupa. Siku viapo viwili vilipogongana, ulivunja kipi?"

"Cha kwanza."

"Kwa nini?"

Ningejibu nini? Kwamba wateja walikuwa wamenikimbia? Kwamba Mzee Miwani alikuwa mpole, akaniita fundi bingwa, na hakuna mtu aliyekuwa ameniita hivyo tangu tumzike mtoto? Ndiyo ukweli, lakini ulikuwa ukweli mwembamba mno kuuweka mezani mbele ya mke wangu.

"Niliogopa," nikasema.

"Uliogopa nini?"

"Waliniambia asiyetunza neno hana uanaume. Nikaogopa kuwa mtu wa hivyo."

Mke wangu akacheka. Kicheko kimoja, kikavu, akaendelea kutazama sakafu.

Nikafungua daftari. Ni daftari kubwa, gamba gumu, la tangu mwaka tuliooana. Kazi za watu wote zinaanzia mbele. Kazi za wale niliziandika kuanzia nyuma, daftari likiwa juu chini, ili mtu akipekua asizione. Nikalisukuma mpaka kwake.

"Angalia mwenyewe," nikasema. "Anzia mbele. Tafuta lile gauni la ubatizo."

Alijua ukurasa. Enzi hizo yeye ndiye aliyekuwa akiniandikia vipimo, mimi naita, yeye anaandika. Akafungua, akakuta mwandiko wake mwenyewe. Kifua, inchi kumi na sita. Urefu, ishirini. Na pembeni, kwa kalamu nyekundu, alikuwa amechora kofia ndogo.

Hata Seremala alishusha macho.

"Sasa geuza, anzia nyuma," nikasema. "Soma tarehe ya juu."

Akageuza. Akasoma. Akahesabu kwa vidole kama mtoto wa shule, midomo ikicheza. Akarudia kuhesabu.

"Miezi minane," akasema. "Miezi minane baada ya mazishi."

"Ndiyo."

"Baada."

"Ndiyo, mke wangu. Baada."

"Sasa mbona hukusema?" Sauti ikapanda. "Wiki mbili! Wiki mbili nimelala kwa baba nikifikiri nilizaa na mchawi! Nimemwombea mwanangu anisamehe kwa kukuchagua wewe. Neno moja tu lilikushinda?"

"Niliapa..."

"Ukome! Usinitajie tena hilo neno."

Nilitaka kupiga magoti. Lakini moyoni, niseme ukweli, kulikuwa na furaha kidogo. Amejua. Mengine yatasuluhishwa. Nikamtazama Baba mkwe, naye akanitikisia kichwa kidogo, kama kusema nimekuambia.

Ningefunga daftari langu hapo hapo nikaenda zangu, leo ningekuwa na mke.

*

Mke wangu alikuwa bado analisoma, kuanzia nyuma.

"Hawa wana namba," akasema. "Kumi na moja. Kumi na moja kutoka wapi?"

"Sijui."

"Hapa mtaani?"

"Wengine huenda wa hapa mtaani."

"Hapa kanisani?"

Nikajifanya nanyoosha futi shingoni.

Baba mkwe akakohoa. "Binti yangu, suala la tarehe limeisha, tumshukuru Mungu. Hizo namba zisitusumbue. Namba hazina sura."

"Hazina sura, Baba, ila zina kifua na kiuno." Akainua kichwa. Namjua mke wangu. Akishapata uzi anauvuta mpaka nguo yote ifumuke. "Mume wangu hajui majina, sawa. Lakini futi anayo shingoni. Na wazee wote mko hapa. Mnamhukumu mtu kwa kushona. Aliyevaa je?"

"Unasema nini?" Seremala akauliza.

"Nasema mpimwe."

Chumba kikachafuka. Seremala akasema yeye hakuja kushonewa suruali. Katibu akasema utaratibu wa baraza hauna kifungu cha namna hiyo. Baba mkwe akagonga meza.

"Hili ni baraza la kanisa, si kibanda cha fundi! Na naomba tukubaliane kabla hatujaendelea, yote yaliyosemwa humu yabaki humu. Kila mtu aahidi."

Nusura nicheke. Nilimwona Mchungaji naye akimtazama kwa namna mpya.

"Kwa nini yabaki humu, Mwenyekiti?" Mchungaji akauliza. "Si ndiyo tunayowalaumu wenzetu?" Akasimama, akavua koti lake, akalitundika kwenye kiti. "Nianze mimi. Fundi, njoo."

Mtu wa kwanza kusimama akiwa mchungaji wako, wewe utakataa vipi?

Mke wangu akachukua kalamu. Tukaanza kama zamani, mimi naita, yeye anaandika. Mungu wangu, iliniuma. Kazi ile ile, sauti zile zile, mwanamke yule yule, na ndani yake hakuna kitu cha zamani.

"Kifua, thelathini na sita. Kiuno, thelathini. Mkono wa kulia, ishirini na tano. Wa kushoto, ishirini na tano."

Akalinganisha. "Hayupo."

Katibu akafuata. Alisimama wima na kuvuta pumzi kama yuko gwaride. Hayupo.

Seremala akavuta tumbo ndani. "Mzee, achia," nikamwambia. "Hakuna aproni humu ya saizi hiyo." Mchungaji alitabasamu, na kwa dakika moja nilidhani tutatoka salama. Hayupo.

"Baba," mke wangu akasema.

Baba mkwe alisimama polepole. Alivua koti. Alininyooshea mikono kwa utaratibu, kama mtu asiye na hatia. Nilipomsogelea, nilisikia pumzi yake.

Mchungaji akasema, "Fundi, kabla hujaendelea. Unapima kwa haki?"

"Nipe Biblia niape, Mchungaji."

"Hapana. Hapa hatuapishi mtu. Ndiyo yako inanitosha."

"Ndiyo," nikasema.

Nikaizungusha futi kifuani. Arobaini na mbili. Ilikuwa arobaini na mbili tangu harusi yetu, na ndiyo ile ile ya namba tisa. Nikaivuta futi, nikaibana chini ya kidole gumba.

"Kifua, arobaini."

Kalamu ikaandika.

"Kiuno, thelathini na sita." Hicho nacho kilikuwa thelathini na nane.

Kalamu ikaandika.

"Mkono wa kulia, ishirini na nne." Hiyo ilikuwa kweli. Nikahamia kushoto. Nikaweka ncha ya futi kwenye bega lile lililoshuka, nikateremka nayo mpaka kifundo cha mkono. Ishirini na tano, wazi kama mchana.

"Wa kushoto, ishirini na nne."

Kalamu ikasimama.

"Umesema ngapi?" mke wangu akauliza.

"Ishirini na nne."

"Una hakika?"

"Ndiyo."

Akaandika. Akalinganisha namba moja moja, taratibu, mpaka kumi na moja. "Hayupo," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Tazameni nilivyofanya. Mle dukani nilipewa kiapo cha kunitisha, nikakitunza. Humu hakuna aliyenitisha, nimeaminiwa kwa neno moja tu, nikadanganya mara tatu kabla futi haijarudi shingoni. Nilidanganya kwa ajili ya mke wangu. Nilijiambia hivyo. Nisingeweza kumvua baba yake nguo mbele yake, kisha nimwambie turudi nyumbani.

*

Baba mkwe akavaa koti lake. Akafunga vifungo, vyote vitatu. Akarudi kwenye kiti cha mwenyekiti, na nilipomtazama, yule mzee wa kule nje hakuwepo tena.

"Ndugu zangu," akasema, "mmeona wenyewe. Wazee wa kanisa hili wamevuliwa makoti kama wezi, na hakuna hata mmoja aliyepatikana. Kwa hiyo nani amebaki? Amebaki mtu mmoja. Aliyeshona, aliyeficha, aliyeandika juu chini. Mimi sioni chama hapa. Namwona mwanachama."

"Baba!" nikasema.

"Usiniite baba. Napendekeza atengwe. Jina lake lifutwe na litangazwe Jumapili ijayo madhabahuni. Majoho aliyoshona yachomwe. Na binti yangu hatarudi nyumba ile. Nitakuwa mzazi wa namna gani?"

Hasira ikanipanda mpaka masikio yakapiga miluzi.

"Uliniahidi," nikasema. "Hapo nje, saa moja haijapita. Ulisema utamleta kwa mkono wako."

"Nilikuahidi?" Akawageukia wenzake, anashangaa kwa upole. "Nani alisikia?"

Hakuna aliyesikia. Bila shaka hakuna. Mtu aliyezoea kazi hiyo hawezi kusahau kuangalia nyuma na mbele.

Sasa sema, nikajiambia. Sema namba tisa. Nikafungua kinywa, na papo hapo nikaona mtego nilioutega mwenyewe. Nikisema sasa hivi, nani ataniamini? Vipimo vimeandikwa. Nimevitaja mimi, kwa sauti, na nimejibu ndiyo. Nikigeuka, nitakuwa fundi aliyetengwa anayemtupia tope mzee wa watu. Baba mkwe alilijua hilo kabla yangu. Alikaa, mikono mezani, ananitazama kwa huruma.

"Katibu, andika," akasema. "Tupige kura."

Mchungaji alikuwa ameinamisha kichwa. Katibu akachukua kalamu yake. Seremala, mkono tayari uko juu nusu.

Nikasikia karatasi.

Mke wangu alikuwa anafungua daftari. Hakuwa anafungua kuanzia nyuma. Alikuwa amelirudisha sawa, anafungua kuanzia mbele, amepita gauni la ubatizo, anarudi, anarudi zaidi, mpaka kurasa za kwanza kabisa ambazo mimi nilikuwa nimezisahau. Mwaka wa harusi yetu. Kidole chake kikashuka kwenye mistari, kikasimama.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Suti ya baba wa bibi harusi. Mimi niliita, yeye akaandika. Tena alicheka siku ile, akamtania baba yake kwamba mkono mmoja umekua kuliko mwenzake kwa kubeba barua za wapenzi wa watu.

Alisoma ule ukurasa. Akaligeuza daftari juu chini, akasoma namba tisa. Akarudi mbele. Kisha akanitazama, mara ya kwanza tangu Jumapili ile ya kwaya, na nilitamani asingenitazama. Hapakuwa na shukrani machoni pale. Alikuwa ameona uongo wangu mara tatu, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Akasimama, akanijia. Akanivua futi shingoni.

"Mke wangu," nikamnong'oneza, "nilifanya kwa ajili yako."

"Wewe kaa hapo," akasema. "Wewe zamu yako inakuja."

Akaizungusha futi kwenye kiganja, akaenda kusimama mbele ya meza.

"Baba," akasema, "simama tena. Mara hii nitapima mimi."

Mkono wa Seremala ukashuka. Mchungaji akainua kichwa. Baba mkwe alitabasamu, akatazama mlango, akautoa mkono wake wa kushoto juu ya meza na kuuficha mapajani.

"Simama, Baba."

Hakusimama.